Adimu, mpya au mgeni tu? Namna mdudu wa msitu wa mvua anavyotambuliwa

Mvua za kwanza zikishatuliza vumbi la Dodoma, mwishoni mwa Novemba au Desemba, taa za barabarani huzingirwa na wadudu na simu huzingirwa na picha zao. Nondo mwenye upana wa kiganja, mabawani ana madoa kama macho, ametua kwenye ukuta wa duka Area C. Anapigwa picha, picha inarushwa kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, na ikifika kundi la tatu imeshaota maelezo: mdudu adimu wa msitu wa mvua, hajawahi kuonekana Tanzania, ana sumu kali, usimguse. Kundi la nne wanauliza anauzwa shilingi ngapi.

Watu wanaojua kwamba napenda wadudu huniletea picha za aina hii, na jibu langu huwaudhi. Huyo ni nondo wa nyika zetu. Kiwavi wake amekula majani ya miti ya hapa hapa, akajichimbia ardhini, akasubiri mvua ndipo atoke. Kuhusu sumu, nondo wa jamii hiyo wakishapata mabawa hawali chochote. Hata mdomo wa kulia hawana. Wanaishi siku chache, wanapandana, wanataga, wanakufa.

Lakini swali lenyewe ni zuri. Je, mtu wa Dodoma anaweza kweli kukutana na mdudu adimu wa msitu wa mvua? Anaweza, na hahitaji kwenda Kongo wala Brazili. Tatizo ni kwamba mdudu huyo, akikutana naye, huenda asimtazame mara mbili.

Maneno yanayochanganywa

Spishi ni aina moja ya kiumbe ambayo wenyewe kwa wenyewe huzaliana. Mpaka leo spishi za wadudu zilizopewa majina ya kisayansi ni takriban milioni 1, na makadirio yanayotumika sana yanaweka jumla yao kwenye milioni 5.5. Maana yake walio wengi hawana jina. Kwa hiyo kukutana na mdudu asiye na jina si muujiza. Kazi ni kuthibitisha kwamba kweli hana.

Mdudu adimu ni yule ambaye hata ukienda kwake, kwa msimu wake, kumpata ni shughuli: wako wachache, au mahali wanapoishi ni finyu, au vyote viwili. Mdudu mpya ni jambo jingine kabisa. Wanasayansi wakisema spishi ni mpya wana maana kwamba hakuna aliyewahi kuiandika na kuipa jina kwa utaratibu unaokubalika, utaratibu ambao kwa wanyama unahesabiwa kuanzia mwaka 1758, enzi za Msweden Carl Linnaeus aliyeweka msingi wake. Mdudu mpya wa namna hiyo anaweza kuwa amejaa kijiji kizima na watoto wana jina lao la kumwita. Halafu kuna mdudu wa mahali pamoja, ambaye duniani kote anaishi kwenye mlima fulani au bonde fulani tu, ingawa akiwa huko anaweza kuwa tele. Na kuna aliye hatarini kutoweka, ambaye hadhi yake hutokana na tathmini rasmi ya Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira Asilia, IUCN. Wadudu wengi mno hawajafikiwa na tathmini hiyo.

Watanzania wengi walijifunza tofauti hii kupitia chura wa Kihansi, ingawa yeye si mdudu. Alipogunduliwa mwaka 1996 kwenye korongo lake kule Udzungwa alikuwa wa maelfu. Pale alipo hakuwa haba. Ila dunia nzima alikuwa na korongo hilo moja, lenye manyunyu ya maporomoko. Maji yakaelekezwa kwenye mitambo ya umeme, ugonjwa wa kuvu nao ukaingia, na mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini, waliosalia wakilelewa kwenye bustani za wanyama Marekani. Wadudu wa milima yetu wako kwenye hali hiyo hiyo ya kuwa na makao mahali pamoja tu, na wao hawana hata mtu wa kuwabishania bungeni.

Bado hatujafika kwenye msitu, ila kuna hatua moja ya kufanya kabla ya yote: hesabu miguu. Mdudu ana miguu sita na mwili wa sehemu tatu, yaani kichwa, kifua na tumbo. Buibui na nge wana minane. Tandu na jongoo wana mingi, na hao wote si wadudu kwa maana ya kisayansi, japo mtaani tunawaita hivyo na hakuna ubaya. Kiwavi huwachanganya watu kwa sababu anaonekana ana miguu lukuki; ile ya kweli ni sita ya mbele, iliyobaki ni vinyama vya kushikilia tu.

Msitu wa mvua, Dodoma?

Anayeijua Dodoma ya mibuyu, mizabibu na upepo wa vumbi atacheka. Mjini tunapata mvua ya kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, zote zikimiminika kati ya Desemba na Aprili, kisha anga linafunga. Msitu wa mvua hauwezi kuishi hivyo. Wenyewe unahitaji unyevu karibu mwaka mzima, miti yake haipukutishi majani yote kwa pamoja, na chini yake ni kiza na majani yanayooza.

Mkoa huu hauishii Chamwino, lakini. Shuka Mpwapwa, pita mji wenyewe chini ya milima ya Kiboriani, endelea kusini, utaona ardhi ikipanda hadi safu ya Rubeho ambayo Mpwapwa inachangia na Kilosa. Juu kabisa, kwenye vilele vinavyoguswa na mawingu, mfano msitu wa hifadhi wa Mang'alisa, kuna msitu mbichi wenye kuvumwani na ubaridi wa kuvaa koti. Rubeho ni moja ya safu 13 za Milima ya Tao la Mashariki, zinazoanzia vilima vya Taita nchini Kenya, zikapita Pare, Usambara, Nguru, Ukaguru na Uluguru, hadi Udzungwa na Mahenge. Unyevu wake unatoka Bahari ya Hindi. Upepo ukifika mlimani unapanda, unapoa, unaangusha maji, na ukishavuka kuja upande wetu umebaki mkavu. Ukame wa Dodoma na ubichi wa milima hiyo vinasababishwa na upepo ule ule.

Jambo la pili la kujua kuhusu milima hiyo ni umri. Kilimanjaro ni kijana, volkano ya juzi kwa hesabu za jiolojia. Mawe ya Tao la Mashariki ni ya kale sana, na misitu yake ilidumu hata nyakati ambazo misitu mingine ya Afrika ilikauka na kupungua, kwa kuwa bahari haikuacha kuileta mvua. Viumbe vilivyomo vimekuwa na muda wa kutosha kubadilika kivyake.

Ndipo suala la mabawa linapoingia. Panzi wengi wa misitu hiyo hawaruki. Mabawa yao yamefupika hadi kuwa vijigamba au yametoweka kabisa, kwani ndani ya msitu tulivu, ambako chakula kiko pale pale, kuruka ni kupoteza nguvu. Sasa fikiria barabara ya Morogoro kwenda Iringa. Ukifika Ruaha Mbuyuni, kwenye joto, mibuyu na magunia ya vitunguu kando ya lami, kaskazini yako ni Rubeho na kusini ni Udzungwa. Kwa basi ni bonde la muda mfupi. Kwa panzi asiye na mabawa, aliyezoea majani yenye umande, bonde hilo halivukiki. Panzi wa huku na wa kule wakikaa hivyo kwa maelfu ya vizazi wanaishia kuwa spishi mbili, kila moja na mlima wake. Mtafiti wa Kijerumani Claudia Hemp ametumia miaka mingi kwenye Kilimanjaro na milima ya Tao la Mashariki, na ameandika spishi nyingi za panzi na ndugu zao ambazo hazikuwa na majina. Nyingi ukizitazama ni panzi wadogo wa rangi ya majani makavu. Hakuna ambaye angewarusha WhatsApp.

Na kama unadhani milima hiyo imeshapekuliwa yote, kumbuka kwale wa Udzungwa. Ndege huyo, wa ukubwa wa kuliwa, alijulikana kwa sayansi mwaka 1991 baada ya watafiti kuona miguu wasiyoielewa ndani ya sufuria ya chakula kambini. Ndugu yake wa Rubeho aliandikwa mwaka 2003. Ikiwa ndege wa kitoweo alijificha mpaka juzi, mdudu mwenye urefu wa punje ya mchele hana haja hata ya kujificha.

Namna ya kukutana naye

Msituni mchana utasikitika. Utasikia sauti, utaona vipepeo wawili watatu kwenye mwanga, basi. Wadudu wengi wako chini ya magome, ndani ya magogo yanayooza, au juu kabisa kwenye vilele vya miti ambako wewe hufiki.

Hilo la vileleni lilidhihirishwa na Terry Erwin, mtaalamu wa mbawakawa kutoka Marekani, aliyepuliza dawa ya wadudu juu ya miti 19 ya aina moja huko Panama na kukinga vilivyoanguka. Alipata takriban spishi 1,200 za mbawakawa. Mwaka 1982 akakadiria kwamba wadudu na jamaa zao wa nchi za joto wanaweza kufika spishi milioni 30. Wataalamu waliofuata wameipunguza sana namba hiyo, lakini hoja yake imebaki: mdudu ambaye wengi tunamwita adimu ni adimu kwetu sisi tunaotembea chini.

Bila dawa, watu hutumia shuka jeupe na taa. Unafunga shuka kati ya miti miwili usiku usio na mbalamwezi, unawasha taa, unakaa. Njia nyingine ni kufungua mwavuli na kuugeuza juu chini ya tawi, kisha kuligonga tawi kwa fimbo. Vinavyodondoka mwavulini vitakushangaza. Kuna pia mtego wenye umbo la hema, uliobuniwa na Msweden René Malaise miaka ya 1930 baada ya kuona wadudu wanavyoingia kwenye hema lake na kurundikana kona ya juu wakitafuta pa kutokea.

Ila njia ninayoipenda kuliko zote ni masikio. Ndugu wa senene, wale wenye papasi ndefu kupita mwili, huimba usiku kwa kusugua mabawa, na kila spishi ina wimbo wake. Wenyewe husikiliza kwa masikio yaliyoko kwenye miguu ya mbele. Mtafiti mzoefu anaweza kusimama gizani na kujua kuna spishi ngapi juu ya mti bila kumwona hata mmoja. Rekodi nzuri ya sauti, hata ya simu, wakati mwingine ina thamani kuliko picha yenye ukungu, mradi usisahau kwamba baadhi huimba kwa sauti nyembamba ambayo sikio la binadamu na simu zetu haviinasi.

Kumtambua

Hapa ndipo watu hudhani kuna uchawi wa kitaalamu. Kumbe wakulima wa Kongwa na Bahi wanaifanya kazi hii. Viwavijeshi vamizi, ambao asili yao ni bara la Amerika, walipoingia nchini mwaka 2017, mabwana shamba waliwafundisha watu kutazama mambo mawili: alama ya Y iliyopinduliwa usoni, na madoa manne yaliyopangika mraba karibu na mkia. Ukiviona vyote viwili, ni yeye. Kutambua mdudu ni hivyo hivyo, kuuliza swali dogo, kupata jibu, kisha kuuliza dogo zaidi.

Mabawa ni mangapi? Mawili tu, yupo kwenye ukoo wa nzi na mbu. Manne, na ya juu ni magumu yanayokutana mgongoni kwa mstari mnyoofu? Mbawakawa. Yana vumbi linalobaki kidoleni? Kipepeo au nondo. Miguu ya nyuma minene ya kurukia? Panzi, nyenje, senene. Kufika hapo kila mtu anaweza. Kutoka hapo kwenda chini, mpaka spishi yenyewe, mambo yanakuwa magumu, na mtu mwaminifu atakubali kuishia njiani.

Ugumu wa kwanza ni kwamba mdudu mmoja ana sura nyingi. Tunutu, yaani panzi mchanga, hana mabawa kamili, hivyo mtu anaweza kumdhania ni ile spishi isiyoruka ya mlimani, kumbe ni mtoto wa panzi wa kawaida wa shambani. Dume na jike hutofautiana. Mfano maarufu ni kipepeo Papilio dardanus, anayepatikana kwenye misitu yetu pia. Dume ana rangi ya krimu na weusi, na mikia kwenye mabawa. Majike wa bara hili wengi hawana mikia, na wana sura mbalimbali, kila moja ikiiga kipepeo mwingine mchungu ambaye ndege humkwepa. Wataalamu wa Ulaya, wakiwa na vipepeo vilivyokauka mbele yao, waliwagawa katika spishi tofauti, mpaka mwaka 1869 Roland Trimen, aliyeishi Rasi ya Tumaini Jema na kuwaona wakiwa hai, alipoonyesha kwamba wote ni mke na mume wa nyumba moja.

Ugumu wa pili ni kinyume chake: spishi nyingi zina sura moja. Panzi wa milima miwili wanaweza kufanana kiasi kwamba tofauti pekee iko kwenye umbo la viungo vya uzazi vya dume, vinavyoonekana kwa hadubini. Siku hizi wataalamu husoma pia kipande kifupi cha vinasaba, mbinu iliyoenezwa na Paul Hebert wa Kanada tangu mwaka 2003. Inasaidia sana, lakini inahitaji kuwe na cha kulinganisha nacho. Kama spishi haijawahi kusomwa vinasaba, jibu litakuwa "sina wa kufanana naye", na hilo ni mwanzo wa uchunguzi tu.

Lebo

Kuna kitu kimoja ambacho wanaopiga picha hukisahau, nacho kwa maoni yangu kinazidi hata ubora wa picha: mdudu alipatikana wapi, lini, na alikuwa anafanya nini. Mdudu bila maelezo hayo ni kama kifurushi kilichoshushwa stendi ya Nanenane bila jina la mtumaji wala mpokeaji. Kinaweza kuwa na mali ndani, ila hakuna mtu anayeweza kukifanyia kazi. Ukiniambia "panzi mdogo wa kahawia" sina la kusema. Ukiniambia "panzi mdogo wa kahawia, hana mabawa, juu ya jani la kichaka, ndani ya msitu wa Mang'alisa, Machi", nitavuta kiti.

Uzito wa lebo unaonekana kwenye kisa kinachotuhusu moja kwa moja. Mtafiti wa Kijerumani Oliver Zompro aliwahi kuchunguza mdudu aliyenaswa kwenye utomvu wa kale uliogeuka jiwe huko Ulaya, na hakuweza kumweka kwenye ukoo wowote unaojulikana. Baadaye, kwenye makumbusho ya London, akakuta dume anayefanana naye, aliyekusanywa Tanzania mwaka 1950. Berlin akakuta jike kutoka Namibia, la mwaka 1909. Walikuwa wamekaa humo kwa miongo, wamechomwa pini, wana lebo zao, hakuna aliyejua ni kina nani. Mwaka 2002 yeye na wenzake walitangaza kwamba hao ni oda mpya kabisa, yaani daraja lile lile la mbawakawa wote au vipepeo wote kwa pamoja. Oda mpya ya wadudu haikuwa imetangazwa tangu mwaka 1914. Mwaka huo huo wa 2002 waliwafuata Namibia kwenye mlima wa Brandberg, wakawakuta hai. Wa kwetu leo anaitwa Tanzaniophasma subsolana. Karatasi ndogo iliyoandikwa nchi na mwaka ndiyo iliyowaambia watafiti pa kwenda.

Kisa hicho kina uchungu wake pia. Sampuli nyingi za wadudu wetu ambazo majina yamefungwa juu yake, zile ambazo kila mtafiti hulazimika kuzirejea, ziko Berlin na London, kwa kuwa zilikusanywa enzi za ukoloni. Taasisi ya utafiti ya Amani kule Usambara ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Mtanzania anayetaka kuthibitisha panzi wa Mpwapwa anaweza kujikuta anaomba picha kutoka Ulaya.

Usambara hiyo hiyo inatupa mfano wa mdudu ambaye anastahili kuitwa adimu bila kubishaniwa. Ni kerengende mwembamba aitwaye Amanipodagrion gilliesi, aliyepewa jina mwaka 1962 kwa heshima ya Gillies, mtafiti wa mbu na malaria aliyefanya kazi Amani. Anajulikana kutoka kwenye vijito vya msitu katika eneo hilo la Amani, na IUCN imemweka kwenye daraja la hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Haumi, hang'ai kwa namna ya ajabu, hana macho mabawani. Kijito chake kikikosa kivuli cha miti, basi.

Simu inasemaje?

Programu kama Google Lens na iNaturalist hupendekeza jina ukiziwekea picha, na ninazitumia. Lakini elewa zinavyofanya kazi. Programu imeonyeshwa picha nyingi zenye majina, nayo inatafuta ipi inafanana na yako. Spishi yenye picha chache au isiyo na picha haimo kichwani mwake, kwa hiyo mdudu adimu wa Rubeho atapewa jina la ndugu yake wa kawaida, pengine wa Afrika Kusini au hata wa Asia, tena kwa kujiamini. Mdudu wa kawaida aliyepigwa kwa pembe mbaya naye anaweza kupewa jina la mdudu adimu. Faida ya iNaturalist iko kwenye hatua inayofuata: watu wanaojua huitazama picha, huangalia mahali na tarehe, na kukosoa. Spishi zilizo hatarini, programu hiyo huficha mahali halisi zilipoonekana.

Yale yanayosemwa

Kwamba mdudu wa ajabu ana sumu. Wa kumwogopa mara nyingi ni yule mdogo usiyemjali. Wakati wa mvua kuna mbawakawa mwembamba, mwekundu na mweusi, ambaye watu humwita Nairobi flai ingawa si nzi. Haumi wala hachomi. Ukimponda juu ya ngozi, majimaji yake huacha kidonda kama cha moto. Mpulize atoke, kisha osha kwa sabuni.

Kwamba ni wa kichawi. Wafugaji wa nyuki wa Manyoni na Itigi wanaweza kukutana na nondo mwenye mchoro kama fuvu la mtu mgongoni, ambaye ukimshika hulia kwa sauti nyembamba. Huingia kwenye mizinga kuiba asali, na harufu yake huwahadaa nyuki wasimshambulie. Kiwavi wake hula majani ya viazi, nyanya na jamaa zao. Ni mwizi, lakini wa kawaida.

Kwamba anauzwa mamilioni. Wako watu duniani wanaonunua wadudu, ndiyo. Hapa nchini kukusanya viumbe kwa utafiti kunahitaji vibali, hifadhi za misitu zina sheria zake, na mwaka 2016 serikali ilizuia usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje, zuio lililowagusa hata wanavijiji wa Amani waliokuwa wakifuga vipepeo kihalali. Anayekutumia ujumbe akitaka mdudu hai kwa pesa nyingi, muulize kibali chake kwanza uone anavyopotea.

Kwamba hajawahi kuonekana hapa. Hili linaweza kuwa kweli, na likiwa kweli uwezekano mkubwa ni kwamba ni mgeni mharibifu, wala hatoki kwenye msitu wowote wa karibu. Dumuzi wa mahindi alitoka Amerika ya Kati, akajitokeza Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na maghala yetu yanamjua mpaka leo. Mdudu usiyemfahamu, wengi kwa ghafla, juu ya zao: mpelekee afisa ugani siku hiyo hiyo, naye ana njia ya kufikisha kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu.

Na kama umemkuta mmoja tu, mlimani, hafanani na unaowajua? Mpige picha kutoka juu, kutoka ubavuni, usoni, na moja yenye sarafu au rula pembeni ionyeshe ukubwa. Piga na jani alilokalia. Andika kijiji, msitu, tarehe, saa. Usimtoe. Peleka kwa watu wa zoolojia Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Sokoine, na ukiirusha mtandaoni usiweke mahali kamili.

Akithibitika kuwa mpya, usitegemee jina wiki ijayo. Atalinganishwa na sampuli za ng'ambo, atachorwa, ataandikwa kwenye jarida, na sampuli moja itateuliwa kubeba jina lake daima. Anayeandika ndiye anayechagua jina, hata kama wewe ndiye uliyemwona kwanza, japo mara nyingi aliyemwona hukumbukwa. Kujiita mwenyewe, yaani kumpa mdudu jina lako uliyeandika, kanuni za kimataifa hazikatazi. Wenye fani yao tu ndio watakaokucheka.